IBS na chakula: acheni kunakili orodha za watu, lipime tumbo lako (uzi mrefu)

Ugali_Dagaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki humu anaibuka mtu analalamika: tumbo linajaa gesi, linaunguruma, leo anaharisha, kesho choo cha mbuzi, na vipimo vyote safi. Majibu anayopewa ni yale yale. Acha maharage, acha maziwa, acha ngano, acha nyama nyekundu, kunywa maji ya moto na limau. Akitii yote anabaki na wali mweupe na chumvi, na bado tumbo linamsumbua.

Shida hiyo ndiyo IBS, yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo, na mimi ninayo kwa miaka mingi. Hoja yangu ni moja: orodha ya mwenzako haikuhusu. Unachotakiwa kujua ni chakula gani kinakusumbua wewe, na kuanzia kiasi gani. Mimi maharage nakula, embe linanilaza. Mdogo wangu ana IBS kama mimi, lakini embe anamaliza na kokwa analifyonza, akigusa maharage usiku hatulali nyumba nzima.

Kwanza hakikisha ni IBS kweli. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuionyesha. Madaktari wanatumia vigezo vya Roma, toleo la 2016: maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, shida iwe imeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yaambatane na mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya kwenda haja, kubadilika kwa sura ya choo. Sasa sisi huku tuna amiba, giadia, minyoo, vidonda vya tumbo, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo. Hivyo viangaliwe kwanza. Ila na wewe uliyemezeshwa dawa za amiba kila baada ya miezi miwili na hujawahi kupata nafuu ya maana, jiulize kama kweli ni amiba.

Ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila kupenda, kuharisha kunakuamsha usingizini, una homa, umeambiwa damu imepungua, au shida imeanza ukiwa umeshavuka miaka 50, huu uzi si wako. Nenda hospitali.

Sasa chakula. Kuna kundi la wanga na sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, halafu zinashuka hadi utumbo mpana ambako bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Kundi hilo linaitwa FODMAP. Mpango wa kula kwa kulipunguza ulitoka Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, kwa kazi ya Peter Gibson na Sue Shepherd, kuanzia 2005. Kwenye tafiti, kati ya nusu na robo tatu ya wagonjwa hupata nafuu.

Kitu ambacho watu hawakijui: gesi hiyo kila binadamu anayo. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwapiga watu picha za MRI baada ya kuwapa sukari hizi. Matumbo ya wenye IBS na ya wasio nayo yalijaa karibu sawa. Walioumia ni wenye IBS. Mishipa ya fahamu ya utumbo wao inasikia kupita kiasi. Kwa hiyo usijione umeoza ndani, na usitafute "sumu" ya kutoa mwilini.

Tukija kwenye jiko letu, vinavyoleta shida sana ni hivi: vitunguu maji na vitunguu saumu (hawa ndio wababe, na viko kwenye kila mchuzi), ngano ya chapati, maandazi na mkate, jamii yote ya maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu, maziwa, embe, tikiti maji, asali, korosho. Ndizi mbivu iliyoanza kuwa na madoa nayo imo, ila ndizi mbichi ya kupika haina neno.

Vya amani: wali, ugali wa mahindi, wa mtama au wa ulezi, viazi mviringo, samaki, dagaa, mayai, nyama, kuku, mchicha, sukuma wiki, karoti, bilinganya, nanasi, papai, chungwa, karanga. Kwa hiyo jina langu la humu halikuja kwa bahati mbaya.

Mpango una hatua tatu, na Watanzania wengi tunafia ya kwanza. Ya kwanza ni kuvipunguza vyote vya shida kwa wiki 2 hadi 6. Si miezi, si maisha. Kama wiki 6 zimeisha na hakuna nafuu, chakula si njia yako, rudi kula kawaida utafute msaada mwingine. Ya pili ni kurudisha kundi moja moja kwa kipimo: siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kipimo unachokula kawaida, huku vingine vyote ukiviacha vile vile. Tumbo likichafuka unasimama. Unapumzika siku mbili tatu, unaingia kundi linalofuata. Mfano maziwa: robo kikombe, nusu kikombe, kikombe kizima. Ya tatu ni kula kila ulichofaulu.

Lengo ni kurudisha chakula. Anayekaa hatua ya kwanza mwaka mzima anapunguza hata bakteria wazuri wa tumboni, maana hizo sukari ndizo chakula chao.

Karibuni kwa maswali, na mods tafadhali msiuunganishe na ule uzi wa vidonda vya tumbo.

---

Mzee_wa_Makande

Mleta uzi, nimekaa kwenye kigoda nasoma. Mimi ni mtu wa Same, makande ndiyo maisha. Unaniambia niyaache?

---

Ugali_Dagaa

Shikamoo mzee. Sijasema uache, nimesema pima.

Maharage yana sukari ambazo mwili wa mtu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, wewe na mimi na mwenye tumbo la chuma. Zinayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, chemsha kwa maji mapya, na yale ya kuchemshia mwaga pia kabla ya kuunga. Najua kuna watu watasema ladha imeondoka. Nyingine imeondoka kweli. Ladha na gesi vinakaa kwenye maji yale yale.

Halafu badilisha uwiano: mahindi mengi, maharage vijiko vitatu vinne vya kula. Ukikaa salama, ongeza.

---

Mzee_wa_Makande

Marahaba. Na magadi je? Mama yangu alikuwa anatia magadi kwa sababu hiyo ya gesi.

---

Ugali_Dagaa

Magadi yanalainisha na kuokoa kuni, mzee. Kazi ya gesi waachie maji ya kumwaga.

---

Tiba_Asilia_Original

IBS inapona KABISA ndani ya siku 14. Nina unga wa mizizi saba, unasafisha utumbo na kutoa uchafu wa miaka yote. Njoo PM. Dar tunakuletea, mikoani tunatuma kwa basi.

---

Chizi_Maarifa

Mkuu mizizi saba ndani ya tumbo la mwenye IBS? Huyo abiria hafiki Chalinze.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Naomba niseme kitu hapa kabla watu hawajaenda PM. Dawa nyingi za "kusafisha utumbo" ni za kuharisha tu, baadhi zina majani ya sanamaki. Mwenye choo kigumu ataona nafuu siku mbili na kudhani amepona. Mwenye kuharisha tutampokea wodini kwa upungufu wa maji.

Kuhusu mada, mleta uzi yuko sahihi kwenye mengi. Naongeza mawili.

Moja, kabla ya kuacha ngano omba kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (ule ambao gluteni, protini ya ngano, inaharibu utumbo) kama hospitali yako wanacho. Ukishaacha ngano muda mrefu kile kipimo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Mbili, wenye choo kigumu msikimbilie pumba za ngano. Zinazidisha gesi na maumivu kwa wengi. Maganda ya isabgol, yanauzwa famasi na maduka ya Wahindi, ni aina ya nyuzi inayoyeyuka na ndiyo yenye ushahidi kwenye IBS. Anza na kijiko cha chai, maji ya kutosha, ongeza taratibu. Ukianza na vijiko viwili vikubwa siku ya kwanza utakuja kunitukana humu.

---

MwanaMvita

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa na nataka kujua: pilau bila kitunguu ni pilau au ni wali wa hospitali? Maana kwetu kitunguu ndicho kinachotia rangi.

---

Ugali_Dagaa

Dada, swali hili nililisubiri.

Sukari ya kitunguu inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kaanga vipande vikubwa vya kitunguu na saumu kwenye mafuta peke yake, viache vitoe harufu, kisha vitoe vyote KABLA hujatia nyanya, maji au nyama. Harufu imebaki kwenye mafuta, sukari imetoka na vipande. Ukishatia maji ndipo utoe, umechelewa, mchuzi umeshaibeba. Ndiyo maana kuchambua vitunguu pembeni ya sahani hakusaidii kitu.

Na mafuta hayo yatumie siku hiyo hiyo. Saumu iliyokaa ndani ya mafuta kwenye joto la kawaida inaweza kuotesha vijidudu vya sumu kali sana.

Jira, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi: tia tu kwa kipimo cha pilau. Na yale majani ya kijani ya kitunguu cha majani ni salama, ile sehemu nyeupe ndiyo uiache. Angalia pia viungo vya mchuzi vya pakiti. Soma nyuma, vingi vina unga wa kitunguu.

---

MwanaMvita

Ahsante sana. Basi na mimi niongeze: mvuje. Ule ule wa kunuka ambao bibi zetu wakiwafunga watoto kwa ajili ya kijicho. Wahindi hutia chembe ndogo kwenye mafuta ya moto na unaleta ladha ya kitunguu na saumu kabisa. Nimekuwa nikiutumia kwa kupenda tu, sikujua una faida hii. Rangi ya pilau nitaitafuta kwa mdalasini na kuikausha nyama vizuri.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mvuje ni sawa, ila ule wa unga wa kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Chembe ndogo haina shida kwa IBS. Mwenye siliaki asome kopo.

---

Mpare_Mkimya

Nipo nasoma.

---

Ngombe_Ishirini

Mimi ni Mmasai wa Longido. Maziwa nakunywa tangu nizaliwe, lita nzima, na sina shida. Hizi habari za maziwa kuumiza tumbo ni za watu wa mjini.

---

Ugali_Dagaa

Kaka uko sahihi kwa tumbo lako, na sababu inajulikana. Watu wengi duniani wakishakuwa wakubwa kimeng'enya cha kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa, kinapungua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti uliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wa huku wana mabadiliko yao ya vinasaba yanayokiacha kimeng'enya kifanye kazi hadi uzeeni, na si yale yale ya watu wa Ulaya. Yalizuka huku kivyake.

Ila jirani yako wa Mtwara ambaye babu zake hawakufuga huenda hana. Naye akiiga lita yako moja, shauri yake. Hata hivyo wengi wasiomeng'enya laktosi wanaweza kikombe kimoja wakinywa na chakula. Wengine mtindi unawakubali wakati maziwa mabichi yanawakataa. Ni kupima.

---

Kimani_wa_Eldy

Wadau, salamu kutoka Eldoret. Huku kwetu chai ni maziwa nusu maji nusu, vikombe vitatu kabla ya saa nne, na githeri (makande yenu) mchana. Mimi nimekuwa nikilaumu githeri miaka yote. Juzi nilienda ushago mahali hakuna maziwa, nikanywa chai kavu, githeri ile ile, tumbo likatulia tuli. Kumbe shida ni chai?

---

Ugali_Dagaa

Inaweza kuwa chai. Au inaweza kuwa zote mbili kwa pamoja, na hapa ndipo wengi wanapotea.

Fikiria daladala. Abiria mmoja akiongezeka hakuna anayelalamika, wa pili sawa, wa tatu konda anasema sogeeni, kisha anapanda mmoja mlango haufungi. Huyo wa mwisho ndiye anatukanwa, na kosa si lake peke yake. Chai ya maziwa asubuhi, kipande cha mkate, githeri yenye kitunguu mchana, kisha embe saa kumi. Embe linabeba lawama za siku nzima.

Kwa hiyo Kimani, rudisha maziwa peke yake kwa siku tatu huku umepunguza githeri. Halafu geuza. Andika kwenye daftari ulichokula, kiasi, saa, tumbo lilivyokuwa. Kumbukumbu ya kichwani inadanganya, inakumbuka chakula cha mwisho tu.

---

Jembe_Halimtupi

Nyie mnajipa magonjwa ya wazungu. Babu zetu walikula kila kitu. Hii ni stresi tu, tafuta hela tumbo litapona lenyewe.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mkuu, stresi inahusika, umegusa kitu bila kujua. Ubongo na utumbo vinawasiliana muda wote. Ndiyo maana kuna watu wanaharisha asubuhi ya usaili wa kazi. Ila "inahusika" si sawa na "amejitungia". Wengine IBS yao ilianza baada ya kuugua tumbo la kuambukiza. Mji wa Walkerton huko Kanada maji yalichafuka mwaka 2000, maelfu wakaugua, na walipofuatiliwa miaka iliyofuata IBS ilikuwa juu zaidi kwa walioharisha. Shida yao haikuanzia kwenye hela.

Na kwa ambao chakula kimegoma kuna dawa. Uingereza mwaka 2023 walitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa 463 waliopewa amitriptilini kwa dozi ndogo sana, miligramu 10 hadi 30 usiku, na ikawasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa ndani walichopewa wenzao kwa kulinganisha. Inaandikwa na daktari, msiende kununua wenyewe. Mkiambiwa ni dawa ya sonona msikimbie, kwa dozi ile inatumika kutuliza mishipa ya utumbo.

---

Mama_Wawili_Morogoro

Jamani mimi nimeacha mkate na chapati, tumbo limetulia. Ina maana nina aleji ya gluteni? Naona vyakula visivyo na gluteni bei yake ni balaa.

---

Ugali_Dagaa

Dada yangu, usitupe hela. Norwei walifanya jaribio zuri, likachapishwa 2018. Watu 59 walioamini gluteni inawaumiza, na hawana siliaki, walipewa vipande vya kula vinavyofanana: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote. Hawakuambiwa kipi ni kipi. Kwa ujumla vilivyowasumbua zaidi ni vyenye fruktani, ile ile sukari ya kitunguu, ambayo ngano pia inayo.

Ikiwa nawe ni hivyo, huna haja ya kuogopa chembe ya ngano. Huenda kipande kimoja cha mkate unakiweza na vinne huviwezi. Na chakula kisicho na gluteni kwa bei ya kawaida tunacho tayari, kinaitwa ugali. Ila fanya kwanza kile kipimo alichosema Nesi.

---

Mama_Wawili_Morogoro

Na uji wa lishe? Nakunywa mimi na watoto.

---

Ugali_Dagaa

Watoto waache wanywe. Kwako wewe, kwenye kipindi cha kupima, hapana, kwa sababu uji wa lishe umesaga kila kitu pamoja: mahindi, ulezi, soya, ngano, karanga, halafu juu unatia maziwa. Ukichafuka utamlaumu nani? Saga ulezi peke yake, tia ndimu na sukari kidogo. Ukimaliza kupima rudi kwenye mchanganyiko wako, ukijua cha kuacha.

---

Abuu_Swabri

Assalaam alaykum. Mimi shida yangu ni Ramadhani. Mchana wote niko vizuri mno, tumbo kimya. Nikishafuturu tu, naweza nisifike rakaa ya nne ya tarawehe.

---

MwanaMvita

Waalaykum salaam. Kaka, orodhesha futari yako hapa tuione.

---

Abuu_Swabri

Ya kawaida tu. Tende, uji wa maziwa, mihogo ya nazi, viazi vitamu, kunde, kaimati, sambusa, juisi ya embe, tikiti.

---

Chizi_Maarifa

"Ya kawaida tu" 😂😂

---

Ugali_Dagaa

Sheikh, karibu kila kundi linalosumbua liko kwenye hiyo mkeka, ndani ya nusu saa, kwenye tumbo lililokuwa tupu. Pia mlo mkubwa wenye mafuta wenyewe unausukuma utumbo mpana ufanye kazi, hata ungekuwa hauna FODMAP hata moja.

Gawa. Tende moja, maji, uji wa mtama au wa mchele bila maziwa, kipande cha samaki, viazi mviringo au ndizi za kupika. Kaswali. Ukirudi ndipo wali na mchuzi. Muhogo chukua kipande kimoja na nazi nyepesi. Kunde, embe na tikiti viwe vya siku tofauti, kimoja kimoja, utajua mwenyewe nani anakutoa msikitini. Nadhani kaimati na tikiti, ila usiniamini mimi, amini daftari.

---

Kijana_wa_Sinza

Kuna maabara wanapima damu wanakupa karatasi ya vyakula zaidi ya 100 unavyotakiwa kuacha. Nimeambiwa laki kadhaa. Vipi hapo?

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kama wanapima IgG, aina ya kingamwili kwenye damu, hiyo inaonyesha umewahi kula chakula hicho, haionyeshi kinakudhuru. Vyama vya madaktari wa aleji havipendekezi. Utaambiwa uache mayai, samaki na wali, halafu utakuja humu umekonda.

---

Kijana_wa_Sinza

Nimeelewa nesi. Basi naanza na daftari. Ila mimi ni mtu wa kula mgahawani, hayo ya kutoa vitunguu kwenye mafuta nani atanifanyia?

---

Ugali_Dagaa

Hakuna. Mgahawani chukua vya kuchoma na kukaanga: samaki, kuku au mishikaki isiyorostiwa kwa mchuzi, ugali au wali, mchicha pembeni, kachumbari waambie waweke nyanya na tango tu. Mchuzi chovya, usimwage juu ya wali. Supu ya asubuhi ndiyo mtihani, maana imechemka na vitunguu tangu alfajiri. Mimi kwa supu naagiza nyama, supu yenyewe wanipe nusu bakuli, na chapati naiacha siku hiyo.

---

Mzee_wa_Makande

Nimeloweka maharage tangu saa kumi na mbili. Nitaleta majibu kesho jioni, inshallah nikiwa mzima.